Tramu ya Namba 9

Chumba ninachopanga kipo mtaa wa nyuma wa Plac Narutowicza, upande wa Ochota, Warsaw. Asubuhi napanda tramu namba 9, inafuata barabara ya Grójecka, inaingia Aleje Jerozolimskie, na baada ya vituo vichache nashuka kwenye kipilefti kikubwa cha katikati ya mji ili nichukue metro ya kwenda chuoni. Kipilefti hicho kinaitwa Rondo Dmowskiego. Niliipita njia hiyo karibu wiki sita kabla sijajua kwamba kila siku naondoka kwa rais aliyeuawa na kushuka kwa mtu ambaye wafuasi wake walifurika barabarani kumkataa.

Aliyenifungua macho ni mama mwenye nyumba. Mwaka jana, jioni ya tarehe 10 Novemba, aligonga mlango wangu. Ni mama wa makamo, ananiita "pani" kama heshima ya hapa inavyotaka, ingawa ana umri wa mama yangu. "Pani, kesho usipite Centrum," alisema. "Sisemi kwamba kitu kitatokea. Ila usipite." Tarehe 11 Novemba ni sikukuu ya uhuru wa Poland, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa maandamano makubwa ya wazalendo wa mrengo wa kulia yanaanzia palepale ninaposhukia. Nilishinda ndani, nikayatazama kwenye simu: bendera, familia zenye watoto mabegani, moshi mwekundu wa fataki, na hapa na pale mabango ambayo mtu wa rangi yangu hahitaji kutafsiriwa. Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Niliona aibu kuogopa kipilefti bila kujua mwenye jina lake ni nani.

Mwaka 1795 Urusi, Prusia na Austria zilimaliza kugawana Poland, na kwa miaka 123 nchi hiyo haikuwamo kwenye ramani. Wapolandi waliasi mara kadhaa. Uasi wa 1863 uliishia kwa watu kunyongwa na maelfu kupelekwa Siberia. Roman Dmowski alizaliwa mwaka uliofuata, 1864, mahali paitwapo Kamionek, ng'ambo ya mto Wisła, mtoto wa fundi wa kutandika mawe barabarani. Mwaka huohuo mfalme wa Urusi aliwapa wakulima wa sehemu yake ardhi na kuwatoa katika utwana. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mkulima akimshukuru mfalme, hatamfuata kabaila kwenye uasi mwingine.

Hapo ndipo kizazi cha Dmowski kilipopata kazi. Waliona kwamba taifa walilolipigania wazee wao lilikuwa la makabaila. Mkulima ukimwuliza yeye ni nani, aghalabu alijibu kwamba ni Mkatoliki, au ni mtu wa hapahapa. Mwaka 1893 Dmowski, aliyekuwa ametoka kufungwa katika ngome ya Warsaw kwa kushiriki maandamano, aliunda chama cha siri kilichoitwa Liga Narodowa. Jan Ludwik Popławski, kalamu yao kali kuliko zote, alishikilia kwamba taifa ni mkulima. Wakachapa magazeti ya vijijini, wakayavusha mipaka kwa magendo, wakafundisha kusoma Kipolandi kwa siri pale ambapo shule zilitaka Kirusi. Jumuiya yao ikaitwa Demokrasia ya Kitaifa. Watu wakachukua herufi mbili za mwanzo, en na de, wakaiita endecja, na jina likabaki.

Nayataja haya kwa sababu wanafunzi wenzangu wakisikia neno endecja hukunja uso, kana kwamba kilikuwa kikundi cha wahuni. Hapana. Kwa mtoto wa mkulima wa mwaka 1900, huenda hawa ndio waliokuwa wa kwanza kumwambia kwamba nchi ni yake.

Lakini Dmowski alisomea biolojia. Chuoni aliandika juu ya viumbe vidogo vinavyoonekana kwa hadubini tu, na nadhani hakuiacha hadubini ile alipogeukia siasa. Katika kitabu chake cha 1903 juu ya mawazo ya Mpolandi wa kisasa, taifa ni kitu chenye uhai, kinachokua au kuliwa. Mwenzake Zygmunt Balicki alikuwa ameandika mwaka mmoja kabla kuutetea ubinafsi wa taifa mbele ya maadili ya kawaida. Ukishaliona taifa kama mwili, swali linalofuata ni kipi kilicho cha mwili na kipi ni kijidudu. Na Warsaw ilikuwa na Wayahudi wengi sana.

Mwaka 1912 Dmowski alikikosa kiti cha Warsaw katika Duma, bunge la Urusi. Kiti kilikwenda kwa Eugeniusz Jagiełło, Mpolandi na msoshalisti, aliyepita kwa kura za wajumbe Wayahudi. Endecja walijibu kwa kutangaza mgomo: Mpolandi asinunue katika duka la Myahudi. Tangu hapo swali lao halikuwa tena nani kashinda, bali kashinda kwa kura za nani.

Vita Kuu ilimpa Dmowski saa yake. Aliamini adui mkubwa ni Ujerumani, akakaa na Waingereza na Wafaransa, na mwezi Januari 1919 alisimama mbele ya mkutano wa amani mjini Paris akaeleza madai ya Poland kwa saa kadhaa, akijitafsiri mwenyewe kwa Kifaransa na Kiingereza. Saini yake ipo kwenye Mkataba wa Versailles. Mama mwenye nyumba asili yake ni Poznań, na nilipomuuliza maoni yake alijibu kwa mkato: "Bila Dmowski, mimi ningekuwa Mjerumani."

Sasa Desemba 1922. Karibu theluthi moja ya raia wa Poland mpya hawakuwa Wapolandi kwa lugha: Waukraine, Wayahudi, Wabelarusi, Wajerumani. Wote walikuwa na kura na wote walikuwa na wabunge. Tarehe 9 mabaraza mawili ya bunge yaliketi pamoja kuchagua rais. Mrengo wa kulia, endecja wakiongoza, ulimsimamisha Maurycy Zamoyski, mmoja wa wenye ardhi wakubwa kabisa nchini. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanishangaza: chama kilichojengwa juu ya mkulima kilikwenda kumtafuta kabaila. Duru ya kwanza Zamoyski aliongoza kwa kura 222, na Gabriel Narutowicz, profesa wa uhandisi wa umeme wa maji aliyerudi kutoka Uswisi, alipata 62 tu. Duru zikaendelea. Ilipofika ya tano walibaki hao wawili. Wabunge wa chama cha wakulima cha Piast hawakuweza kurudi vijijini na kusema wamempigia bwana shamba. Wakaenda kwa Narutowicz, pamoja na mrengo wa kushoto na wabunge wa jamii ndogo. 289 kwa 227.

Jioni ileile barabara zilijaa. Magazeti ya kulia yaliandika kwamba Poland imewekewa rais na Wayahudi. Kura za wakulima wa Piast, zilizoamua mambo, hazikutajwa sana. Tarehe 11, siku ya kiapo, umati ulizuia njia za kwenda bungeni, wabunge wengine wakapigwa, na gari la farasi la Narutowicz likarushiwa mabonge ya theluji na matope. Alifika, akaapa, akarudi kwa njia ileile. Tarehe 16 alikwenda kufungua maonyesho ya picha katika jumba la Zachęta. Akiwa anatazama picha, mchoraji Eligiusz Niewiadomski, aliyewahi kuwa mwanachama wa Liga Narodowa, alimpiga risasi tatu kwa nyuma. Alikuwa rais kwa siku tano tangu kiapo.

Hakuna aliyethibitisha kwamba endecja walimtuma muuaji, na mimi siamini hivyo. Niewiadomski alieleza mahakamani kwamba awali alitaka kumuua Piłsudski, na aliomba mwenyewe adhabu ya kifo. Alipigwa risasi tarehe 31 Januari 1923, katika ngome ileile alimowahi kufungwa Dmowski. Kinachonisumbua mimi ni yaliyofuata. Misa ziliombwa kwa ajili yake, na umati ulimsindikiza makaburini. Na baada ya miezi michache, vyama vya kulia vilipoungana na Piast hiyohiyo kuunda serikali, walikubaliana msingi uwe wabunge wengi wa Kipolandi. Aliyekufa alikuwa Narutowicz, lakini hoja iliyomwangusha ilipata ofisi.

Narutowicz alizaliwa Telšiai, Lituania. Kaka yake Stanisław ni mmoja wa watu 20 waliotia saini tangazo la uhuru wa Lituania la Februari 1918. Mama mmoja, nyumba moja, mataifa mawili, kila mmoja akijichagulia lake. Ukitumia hadubini ya Dmowski, sijui watu hao wawili ungewaweka wapi.

Baadaye Piłsudski alipindua serikali mwaka 1926, endecja hawakushika tena madaraka, na vijana wao wakazidi ukali hadi wakataka wanafunzi Wayahudi wakae mabenchi ya peke yao vyuoni. Mwaka 1937 wakuu wa vyuo walianza kuyaruhusu mabenchi hayo rasmi. Dmowski alifariki Januari 1939. Hakuyaona mauaji ya Wajerumani, wala mwaka 1945, Stalin alipoisogeza Poland magharibi na watu wakahamishwa hadi ikabaki karibu Wapolandi watupu.

Mimi kwetu ni Meru, na Wapolandi wa kwanza niliowajua ni wa makaburini. Tengeru, karibu na Arusha, palikuwa na kambi ya maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi waliofukuzwa na Warusi kutoka mashariki ya nchi yao mwaka 1940 na 1941, wakapita Iran hadi kwetu. Tulipelekwa pale tukiwa shule ya msingi. Kuna makaburi karibu 150, mengi ya Kikatoliki, mengine ya Kiorthodoksi, na machache yana nyota ya Daudi. Mwalimu wetu hakutofautisha. Alisema tu, "Hawa ni Wapolandi," tukaandika kwenye daftari.

Mwaka huu, tarehe 10 Novemba, mama alinigongea tena na kusema maneno yaleyale. Nilimuuliza kama anajua kwa nini Aleje Jerozolimskie inaitwa Barabara ya Yerusalemu. Hakujua. Nikamweleza kwamba kulikuwa na kijiji cha Wayahudi kilichoitwa Yerusalemu Mpya, kilichoanzishwa mwaka 1774 na kubomolewa baada ya miaka miwili. Alikaa kimya, halafu akauliza kama nimekula.

Asubuhi nilivaa koti nikashuka hadi kituoni. Kulikuwa na karatasi imebandikwa kwenye kioo: kwa sababu ya sherehe, tramu hazitapita Centrum leo.