Sinema ya Watu Wazima Nchini Marekani

Filamu za ngono, ambazo kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa siri na kuoneshwa faraghani mbele ya wanaume peke yao, zilitoka hadharani nchini Marekani mwaka 1969, Andy Warhol alipoionesha Blue Movie mjini New York, kabla ya polisi kuikamata na mahakama kuihukumu kuwa kinyume cha adabu.

Lakini iliyozua zogo kubwa zaidi ni Deep Throat ya Gerard Damiano, iliyoanza kuoneshwa Juni 1972. Kwani, kinyume cha matarajio ya wengi, mabibi na mabwana wenye heshima zao walipanga foleni kuitazama bila ya kuficha nyuso, hata mtoa habari wa siri wa gazeti la Washington Post katika kashfa ya Watergate akabandikwa jina lake.

Juni 1973, katika kesi ya Miller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba uchafu upimwe kwa desturi za mahali, na mashtaka yakazidi. Kisha ikaja mikanda ya video, utazamaji ukarudi majumbani.

Wanaozisifu zama zile aghalabu huupita kimya ushahidi wa Linda Boreman, aliyeigiza katika Deep Throat kwa jina la Linda Lovelace. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 alieleza kuwa mumewe ndiye aliyemshurutisha kuigiza, kwa vipigo na vitisho, na mwaka 1986 aliyarudia hayo mbele ya tume ya serikali.