Baraza la Usuluhishi na Bei ya Jino nchini Ujerumani

Sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi, iliyopitishwa nchini Ujerumani tarehe 15 Juni 1883 katika enzi ya Chansela Otto von Bismarck na kuanza kutumika Desemba 1884, iliwalazimisha wafanyakazi wa viwandani na waajiri wao kuchangia mifuko ya bima, mfanyakazi akitoa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja, ili mchangiaji anapougua apate matibabu, dawa na posho ya kujikimu kwa muda wa hadi wiki 13. Sheria hiyo ilipanga kwa makini nani achangie, kiasi gani, na apewe nini akiugua. Uhusiano kati ya mifuko na matabibu uliachwa katika mikataba ya kawaida, kama ule wa mwenye nyumba na fundi wake. Kila mfuko, na mifuko yenyewe ilihesabiwa kwa maelfu, ulikuwa huru kumchagua daktari na kumtajia bei, naye daktari aliyeikataa bei hiyo alijua fika kwamba mwenzake asiye na wagonjwa angeipokea. Katika pengo hilo ndimo ulimozaliwa ugomvi wa malipo ambao Wajerumani walihitaji zaidi ya miaka sabini kuutafutia utaratibu wa kudumu.

Madaktari wa meno waliingia katika ugomvi huo wakiwa dhaifu kuliko madaktari wengine, na sababu yake ilikuwa ya kisheria. Kanuni ya biashara ya mwaka 1869, iliyotungwa na Shirikisho la Ujerumani Kaskazini na baadaye kuenea katika dola nzima, iliruhusu mtu yeyote kutibu, ikalinda cheo cha daktari wa meno pekee bila kuilinda kazi yenyewe. Chini ya ruhusa hiyo lilistawi kundi kubwa la mafundi meno, watu waliojifunza ufundi kwa kukaa karakanani badala ya chuo kikuu, ambao walitengeneza meno ya bandia, wakaziba na kung'oa, na walitoza kidogo. Mifuko iliwapenda kwa sababu hiyo ya mwisho. Kanuni ya Bima ya Dola ya mwaka 1911, iliyokusanya sheria zote za bima ya jamii mahali pamoja, iliwahalalisha kabisa katika kifungu cha 123: magonjwa ya meno, isipokuwa yale ya kinywa na taya, yangeweza kutibiwa na fundi meno kwa gharama ya mfuko, mradi mgonjwa mwenyewe amekubali. Daktari wa meno aliyetaka kususia mfuko kwa sababu ya malipo duni alikuwa anaupa mfuko huo nafasi ya kumwita fundi wa mtaa wa pili. Mkono mtupu haulambwi, na katika meza ya mazungumzo mkono wa taaluma hii ulikuwa mtupu.

Njia ya usuluhishi ilifunguliwa basi na madaktari wa tiba ya kawaida. Mwaka 1900 daktari Hermann Hartmann aliunda mjini Leipzig umoja wa kutetea maslahi ya kiuchumi ya madaktari, ambao ulikusanya fedha za akiba na kuitisha migomo katika mji baada ya mji. Mwaka 1904 Leipzig na Köln zilishuhudia madaktari wakigoma dhidi ya mifuko. Kanuni ya 1911 ilipokaribia kuanza kutumika katika bima ya ugonjwa, tarehe 1 Januari 1914, umoja huo ulitishia mgomo wa nchi nzima, na serikali ikazisukuma pande zote mbili kutia saini, tarehe 23 Desemba 1913, makubaliano yanayojulikana kama Mapatano ya Berlin. Humo ndimo lilimowekwa wazo ambalo bado lingali hai: mfuko usimchague daktari peke yake, bali kamati ya pande mbili imkubali, angalau daktari mmoja kwa kila wanachama 1,350, na pale kamati inaposhindwa kukubaliana, shauri lipelekwe kwa Schiedsamt, yaani baraza la usuluhishi, lenye wajumbe wa pande zote mbili kwa idadi sawa pamoja na mtu asiyefungamana na upande wowote. Mapatano hayo yalikuwa ya miaka kumi, na yalipokwisha, mwaka 1923, katikati ya mfumuko wa bei uliokuwa ukigeuza malipo ya daktari kuwa makaratasi kabla hajayafikisha nyumbani, serikali iliugeuza utaratibu huo kuwa amri ya dola. Madaktari waligoma tena, na mifuko ya Berlin ikajibu kwa kufungua zahanati zake. Kwa madaktari wa meno kitisho hicho hakikuwa kigeni, maana kliniki za meno zinazomilikiwa na mifuko zilikuwa mwiba wao katika miaka yote ya 1920.

Kipindi kilichofuata hakina budi kutajwa bila kupakwa rangi. Amri ya dharura ya Desemba 1931 iliwapa madaktari haki ya kuwakilishwa na jumuiya zao, ili mfuko ujadiliane na jumuiya badala ya daktari mmojammoja. Jumuiya kama hiyo kwa madaktari wa meno iliundwa mwaka 1933, chini ya utawala wa Wanazi, ikiwa moja kwa nchi nzima, na mwaka huohuo amri ya tarehe 2 Juni iliwaondoa madaktari wa meno Wayahudi katika kazi ya mifuko, isipokuwa makundi machache yaliyosamehewa kwa muda. Kufikia mwisho wa Januari 1939 hata vibali vyao vya taaluma vilikuwa vimefutwa. Chombo ambacho vizazi vya baadaye vilikisifu kuwa ngao ya taaluma kilianza maisha yake kikishuhudia sehemu ya wanataaluma hao ikitupwa nje.

Mfumo unaotumika leo ulijengwa na sheria mbili za miaka ya 1950. Ya kwanza, ya tarehe 31 Machi 1952, ilimaliza uwili wa daktari na fundi: mafundi meno waliokuwa wakitibu waliingizwa katika taaluma ya udaktari wa meno, na tangu hapo mlango wa kuingilia ukawa chuo kikuu peke yake. Ya pili, ya tarehe 17 Agosti 1955, ndiyo yenye uzito zaidi katika suala la malipo, kwa kuwa iliweka badilishano ambalo mfumo mzima umesimama juu yake. Jumuiya za madaktari na za madaktari wa meno wanaohudumia mifuko zilipewa hadhi ya mashirika ya umma na haki ya pekee ya kujadili malipo kwa niaba ya wanachama wao. Kwa upande wao zilibeba wajibu wa kuhakikisha kwamba matibabu yanapatikana wakati wote, wajibu ambao kwa maana yake halisi ni kuachana na mgomo. Aliyenyang'anywa silaha ya mgomo hawezi kuachwa chini ya huruma ya mwenye fedha, na kwa hiyo usuluhishi ukafanywa wa lazima. Kanuni za uendeshaji wa mabaraza zilifuata mwaka 1957.

Namna baraza linavyofanya kazi inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu watu wengi hulidhania kuwa mahakama ndogo. Kuna baraza katika ngazi ya jimbo na jingine katika ngazi ya shirikisho. Kila moja lina wawakilishi wa madaktari wa meno na wa mifuko kwa idadi sawa, mwenyekiti asiye na upande na wajumbe wengine wawili wasio na upande, ambao mara nyingi ni majaji wastaafu au maprofesa wa sheria. Wajumbe hawafungwi na maagizo ya waliowatuma, uamuzi hupitishwa kwa wingi wa kura, na hakuna anayeruhusiwa kujizuia kupiga kura; kwa kuwa pande mbili hufutana, kwa kawaida wale watatu wa katikati ndio wanaobeba uamuzi. Mkataba wa zamani huendelea kutumika hadi shauri liamuliwe, ili mgonjwa asifungiwe mlango, na uamuzi ukishatolewa huchukua nafasi ya mkataba ambao pande hizo zilishindwa kuuandika. Anayeupinga anaweza kwenda katika mahakama ya masuala ya jamii, lakini mahakama hiyo hukagua tu kama baraza limefuata sheria na kupima hoja. Haipangi bei upya.

Kinachogombewa barazani ni namba moja ndogo. Tangu miaka ya 1960 kila tendo la daktari wa meno limepewa pointi katika orodha iitwayo Bema: kung'oa jino lenye mzizi mmoja ni pointi 10, jino lenye mizizi mingi ni 15, na jino lililovunjika chini kabisa ni 40. Pointi hizo huzidishwa kwa thamani ya pointi, ambayo hujadiliwa kila mwaka na jumuiya za majimbo, 17 kwa jumla, dhidi ya vyama vya mifuko. Thamani ya pointi ya meno ya bandia hupangwa katika ngazi ya shirikisho. Nyongeza ya senti mbili kwa pointi haionekani katika jino moja, lakini huonekana vizuri sana katika hesabu za mfuko wenye mamilioni ya wanachama. Orodha yenyewe hutungwa na kamati ya pande mbili ambayo nayo, ikikwama, huongezewa wajumbe wasio na upande na kugeuka kuwa baraza la usuluhishi kwa jina jingine.

Mizani hii ilitikiswa mwaka 1974, pale Mahakama Kuu ya Masuala ya Jamii ilipoamua kwamba kukosa meno ni ugonjwa, na kwa hiyo meno ya bandia ni haki ya mwanachama badala ya hisani ya mfuko. Matumizi ya mifuko katika meno yalipanda kwa kasi, na Bunge likaanza kuingilia kazi ambayo lilikuwa limewaachia wasuluhishi. Uingiliaji mkali zaidi ulikuja na sheria iliyoanza kutumika mwaka 1993, ambayo ilikata kwa asilimia 10 thamani ya pointi za meno ya bandia na za kunyoosha meno bila kupitia baraza lolote. Madaktari wa meno walitishia kurudisha leseni zao za mifuko kwa pamoja, na sheria hiyohiyo ilikuwa tayari na jibu: atakayerudisha leseni kwa njama na wenzake hatapewa nyingine kwa miaka sita.

Kitisho hicho kilijaribiwa kwa vitendo miaka kumi na moja baadaye. Orodha mpya ya Bema ya mwaka 2004 ilishusha pointi za kunyoosha meno, na baadhi ya wataalamu wa fani hiyo katika jimbo la Niedersachsen wakarudisha leseni kwa pamoja wakitarajia kuendelea kuwatibu wagonjwa walewale kwa malipo bora. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Masuala ya Jamii iliwafungia njia hiyo: hawakuwa tena na haki ya kuwatibu wanachama wa mifuko kwa gharama ya mifuko, isipokuwa pale ambapo huduma isingeweza kupatikana kwa namna nyingine. Hukumu hiyo haikuwa ya huruma, ila ililingana na badilishano la 1955, kwa kuwa mtu hawezi kuchukua usuluhishi kwa mkono mmoja na mgomo kwa mkono mwingine.

Malalamiko ya madaktari wa meno dhidi ya mabaraza hayajakoma, hasa baada ya Bunge kurudisha ukomo wa malipo kwa miaka ya 2023 na 2024, hatua iliyowapunguzia wasuluhishi nafasi ya kuamua. Hata hivyo, thamani ya baraza huonekana wazi zaidi mahali ambapo halipo. Wagonjwa wenye bima binafsi hutozwa kwa kanuni tofauti ya bei, ambayo hutungwa na serikali ya shirikisho kwa idhini ya baraza la majimbo, bila mazungumzo ya lazima na bila usuluhishi. Kampuni ya bima ikikataa kurejesha sehemu ya ankara, mgonjwa hubaki katikati na shauri humalizikia katika mahakama za kiraia. Kanuni hiyo ilipoanza tarehe 1 Januari 1988 thamani ya pointi iliwekwa kuwa fenigi 11. Yuro ilipoingia ikabadilishwa kuwa senti 5.62421, na marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2012 hayakuigusa.