Sehemu ya juu ya ukurasa wa mwanzo

Sehemu ya juu ya ukurasa wa mwanzo ni eneo la tovuti ambalo mgeni huliona mara ukurasa unapofunguka, kabla hajausogeza kwa kidole wala kipanya. Dhana hii imetoka magazetini. Gazeti kubwa hukunjwa katikati na kupangwa mezani kwa muuzaji, kwa hiyo habari nzito huwekwa juu ya mkunjo, mpita njia aione bila kulishika. Kwenye skrini mkunjo huo hauna mahali maalumu: simu, tableti na kompyuta, kila kifaa hukata ukurasa mahali pake.

Kwa kawaida eneo hili hubeba nembo, menyu, kichwa kinachosema tovuti ni ya nini, picha, na kitufe cha hatua inayofuata. Kichwa ndicho kigumu kuliko vyote. "Karibu kwenye tovuti yetu" hakimwambii mgeni lolote. Picha zinazopokezana zenyewe, ambazo wakuu wa taasisi huzipenda kwa kuwa kila idara hupata zamu yake, mara nyingi humpita msomaji kabla hajamaliza sentensi.

Utafiti wa kampuni ya Nielsen Norman Group wa 2018 ulionyesha kuwa watu walitumia asilimia 57 ya muda wao wa kutazama ukurasa katika eneo hili. Mwaka 2010 ilikuwa asilimia 80. Kasi nayo ina uzito: kwa kipimo cha Google, kitu kikubwa kuliko vyote kwenye eneo hilo kinapaswa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Picha ya megabaiti kadhaa, mtandao ukiwa dhaifu, humwachia mgeni weupe mtupu.