Asili ya Televisheni: Sanduku la Chai na Kasha la Kofia

Televisheni ni chombo tulichokipokea Afrika Mashariki kikiwa kimekwisha kukamilika. Kenya ilianza matangazo yake mwaka 1962, Uganda ikafuata mwaka 1963, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikangoja hadi mwaka 1994. Chombo kilikuja kimefungwa ndani ya kasha lake, na maelezo yake kwa Kiingereza. Basi si ajabu kwamba wanafunzi wetu wa Kasese na Bwera hudhani kuwa mambo ya namna hii hayaelezeki ila kwa lugha iliyokuja nayo.

Dhana hiyo imekidhuru Kiswahili. Hapa Uganda lugha hii imeitwa kwa muda mrefu lugha ya askari na ya soko. Ilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973; mwaka 2005 ikaingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili; na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia ifundishwe kwa lazima mashuleni. Lakini tangazo la serikali halimfanyi kijana wa Bwera, aliyezoea kusikia Kiswahili mpakani Mpondwe kikitumika kuulizia bei, aamini kwamba lugha hiyo yaweza pia kubeba elimu. Mtu huamini akishaona. Kwa hiyo twaonelea tusimulie habari ya televisheni ya kwanza, ambayo karibu kila kipande chake kina jina katika Kiswahili cha nyumbani.

Asili ya habari hii ni ugunduzi uliotokea kwa bahati. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, aliyekuwa akipima nyaya za simu za kupita chini ya bahari, alitumia vijiti vya seleniamu. Akaona kwamba vijiti hivyo hupitisha umeme kwa wingi vinapopigwa na mwanga, na kwa uchache vinapokuwa gizani. Ikawa imedhihirika kwamba mwanga waweza kugeuzwa kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka. Watu wa Kasese yafaa wajue kwamba seleniamu hupatikana zaidi katika mabaki ya usafishaji wa shaba. Shaba twaijua: reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya machimbo ya Kilembe, nayo shaba ikapelekwa Jinja kuyeyushwa. Tena twajua kwamba mabaki si lazima yatupwe, kwani kuanzia mwaka 1999 mabaki ya Kilembe yalichakatwa ili kupata kobalti.

Hata hivyo, seleniamu peke yake haioni picha. Hutambua tu kama pana mwanga au giza. Mwaka 1884 kijana wa Kijerumani, Paul Nipkow, alipata njia. Alibuni sahani yenye matundu madogo yaliyopangwa kwa mzunguko kama wa konokono, kila tundu likiwa karibu kidogo na katikati kuliko lililotangulia. Sahani ikizunguka, tundu la kwanza hupita juu ya picha na kuchora mstari mmoja. La pili huchora mstari wa pembeni yake, na kadhalika mpaka picha yote imepitiwa. Upande wa pili huwapo sahani ya namna hiyo hiyo, na nyuma yake taa inayong'aa na kufifia kwa kufuata mkondo uliotumwa. Sahani mbili zikizunguka kwa mwendo mmoja, jicho, ambalo hushika taswira kwa kitambo kidogo, huiunganisha mistari yote ikawa picha moja.

Aliyeifanya fikira hiyo kuwa kazi ya mikono alikuwa John Logie Baird, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1888. Alikuwa mtu wa afya dhaifu, aliyekwisha kujaribu biashara ya soksi na ya jemu bila kufanikiwa sana. Mwaka 1923 alihamia Hastings, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, akaanza kuunda chombo chake kwa vitu vilivyomzunguka. Sahani aliikata kwa mkasi kutoka kasha la kofia. Msingi wa mashine ulikuwa sanduku la chai lililokwisha kazi. Sindano za kushonea soksi zikawa ekseli. Lenzi zikatoka katika taa za baiskeli. Mkebe wa biskuti ukahifadhi taa. Na vyote vikashikizwa kwa gundi, uzi na lakiri, ile nta ya kufungia barua. Mwaka 1924 akafaulu kupeleka kivuli cha msalaba umbali wa hatua chache. Mwaka huo huo umeme wa nguvu nyingi ulimrusha na kumuunguza mkono, na mwenye nyumba akamtaka ahame.

Baird akahamia London. Tarehe 2 Oktoba 1925, katika chumba cha juu cha nyumba ya mtaa wa Frith, aliona uso wa sanamu ukitokea wenye mwanga na kivuli, si kivuli kitupu. Akashuka mbio kumtafuta binadamu, akampata kijana wa ofisi aliyeitwa William Taynton. Huyo akawa mtu wa kwanza kuonekana katika chombo hicho. Tarehe 26 Januari 1926 wataalamu waliitwa wakashuhudia. Toka mwaka 1929 hadi 1935 BBC ilirusha picha za mistari 30, ambazo zilibadilika mara 12 na nusu kwa sekunde. Kisha mitambo ya elektroni, isiyo na sahani inayozunguka, ikaishinda. Mwaka 1937 BBC iliacha kabisa utaratibu wa Baird. Lakini wazo la kuigawa picha katika mistari na kuituma kipande kwa kipande halikuachwa.

Sasa ndugu walimu, somo hili twaweza kulifundisha bila umeme. Mwanafunzi mmoja achore herufi kubwa katika karatasi yenye miraba 12 kwa 12. Asome miraba mmoja mmoja, mstari kwa mstari, akisema "nuru" au "giza". Wenzake, wamempa mgongo, wajaze miraba yao kwa kumsikiliza. Baada ya maneno 144 herufi itakuwa imevuka darasa kwa sauti. Atakayeruka mraba mmoja ataona sehemu yote inayofuata ya herufi yake imesogea kando, naye atafahamu kwa nini sahani mbili hazina budi kwenda sawasawa. Picha ya Baird ilikuwa na vipande kama 2,100. Na wahesabu wenyewe vilikuwa vingapi kwa sekunde.

Watoto wa milima yetu hutengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya ndala kuukuu, na mafundi wetu hutengeneza vibatari kwa mikebe. Kazi ya Hastings haiwezi kuwa ngeni kwao. Kilichopungua ni mwalimu wa kuwaeleza kwa lugha wanayoisikia, na kuwataka nao waeleze. Mwanafunzi atakayesimama mbele ya wenzake akafafanua kazi ya tundu, sahani, lenzi na taa hatasema tena kwamba Kiswahili ni cha soko tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na katika jambo hili wa kwanza kuinama tuwe sisi walimu.