Beta wangu na mbuna wa Matema

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilimuua samaki kwa ujinga wangu. Alikuwa beta dume, mwekundu, mapezi marefu kama khanga iliyoanikwa upeponi. Nilimnunua Dar es Salaam nikasafiri naye kwa basi ndani ya mfuko wa plastiki. Tulipopanda Kitonga nikamhamishia ndani ya koti, maana kuanzia hapo hadi Iringa na kuendelea, baridi haina masihara. Mbeya alifika mzima. Wiki tatu baadaye mjomba akaja kutoka Kyela na ndoo yenye samaki wanne wa mawe ya Matema, watatu wa bluu wenye milia na mmoja mwenye pua iliyotokeza juu ya mdomo.

"Weka tu humo, mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyo hivyo). "Wote si samaki?"

Nikaweka. Siku ya pili yale mapezi yalikuwa matambara. Siku ya tano beta alikuwa amelala chini, pembeni ya chujio.

Nikaanza kusoma, kwanza kutafuta kosa langu, halafu nikajikuta kwenye historia. Jina lililonishika ni la Charles Tate Regan, mtaalamu wa samaki wa jumba la makumbusho ya viumbe, London. Mwaka 1910 ndipo lilipochapishwa jina alilompa beta, Betta splendens. Mwaka 1922 ikatoka makala yake kuhusu jamii ya sato na ndugu zake wa Ziwa Nyasa. Kwa hiyo wale niliowachanganya Mbeya walishapita mikononi mwa mtu mmoja, wakiwa kwenye chupa za pombe kali, na humo hawagombani.

Beta ni wa Siam, Thailand ya leo, wa mashamba ya mpunga na maji yaliyotulia. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2022 unaonyesha watu wamekuwa wakimfuga kwa miaka 1,000 au zaidi. Walimfuga apigane, wenyewe wakiweka dau. Beta wa porini ana mapezi mafupi na rangi ya kawaida tu. Lile vazi refu ni kazi ya wafugaji. Yaani mwanadamu alichukua samaki, akamkuza awe mgomvi, halafu akamvalisha gauni linalomzuia hata kukimbia. Akiona dume mwenzake, au samaki yeyote mwenye mkia mrefu wa rangi kali, anavimba. Akikutana na mwepesi anayependa kudonoa mapezi, ameisha.

Mbuna ni habari nyingine. Hakuna aliyemfundisha ugomvi. Pale Matema, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja ziwani na mawe yanaendelea chini ya maji. Juu ya mawe hayo kuna utando wa mwani, na mbuna anaishi kwa kuukwangua. Jiwe ni shamba lake, na dume hulinda shamba. Neno lenyewe ni la wavuvi wa Nyasa. Ethelwynn Trewavas, aliyeendeleza kazi ya Regan, alichapisha orodha yake ya samaki wa ziwa hili mwaka 1935, na leo mfugaji wa Berlin au Tokyo anasema "mbuna" kama sisi. Hata "Betta" ni jina la kienyeji, kutoka Java, alilolichukua Mholanzi Bleeker mwaka 1850.

Yule mwenye pua ndiye aliyeninyima usingizi. Kitabuni anaitwa Labeotropheus fuelleborni. Aliyempa jina ni Ernst Ahl wa Berlin, mwaka 1926, kwa heshima ya Friedrich Fülleborn aliyemkusanya. Fülleborn alikuwa daktari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, na alikaa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19. Kituo chao cha Langenburg kilikuwa Lumbila, Ludewa, eneo lililokuwa Mkoa wa Iringa mpaka Njombe ilipopewa mkoa wake mwaka 2012. Baadaye kituo kikahamia Tukuyu. Daktari huyo hakukusanya samaki peke yake. Mwaka 1902 alichapisha kitabu cha vipimo vya miili ya watu wa kaskazini mwa Nyasa, babu zetu wakiwa wamepangwa kwa urefu na umbo la kichwa.

Hiyo ndiyo miaka ambayo Mkwawa alijiua huko Mlambalasi, Julai 1898, kichwa chake kikakatwa. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954. Sisemi Fülleborn alihusika na hilo. Nasema samaki wa mjomba alisafiri kwenda Ulaya katika msimu uleule, chini ya bendera ileile, na hajarudishiwa jina. Jamani, nilikuwa naye sebuleni, na jina lake lilikuwa la daktari wa jeshi lile.

Turudi kwenye tangi, maana beta mwingine ninaye sasa. Beta anataka maji ya joto la nyuzi 24 hadi 28 na pH ya kama 6.5 hadi 7.5. Mbuna anataka maji magumu, pH karibu 8 au zaidi. Hata wangependana, maji yangewagombanisha. Halafu kuna Mbeya yenyewe, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati ziwa liko chini ya mita 500. Bila hita, maji ya Julai yanamlegeza beta mpaka anaacha kula. Na mfuniko usikose, kwa sababu beta huvuta hewa ya juu ya maji, na hewa yetu ya alfajiri ni barafu.

Beta wa sasa ana lita 60, na wenzake ni kambare wadogo sita aina ya Corydoras, watu wa chini wasio na makuu. Chujio lina mkondo mpole. Maji ya bomba nayalaza siku nzima kwenye ndoo wazi klorini ipungue. Nabadilisha robo ya maji kila wiki, si yote kwa mkupuo. Maficho yake ni chungu kidogo cha Wakisi nilichonunua mnadani Lyulilo, Jumamosi.

Mbuna sikuwarudisha ziwani. Samaki aliyeishi tangini anaweza kubeba maradhi ya kigeni. Nikawapa tangi lao na mawe mengi. Mjomba alipokuja tena, nikamtajia jina la yule mwenye pua. Akajaribu kulitamka mara mbili, akaacha. Usiku huo umeme ukakatika, tukafunika tangi la beta kwa blanketi lake.