Uamuzi wa Jinsi kwa Joto

Yai la kasa linapofukiwa mchangani katika ufuo wa Msimbati, kusini mwa pwani ya Tanzania, ndani yake bado hamna dume wala jike. Binadamu, ng'ombe na kuku hupata jinsi yao tangu kutungwa, kwa kromosomu walizorithi. Kasa hana kromosomu za kazi hiyo. Kiinitete chake hukaa majuma kadhaa kikiwa na tezi inayoweza kuwa korodani au ovari, na joto la kiota ndilo huielekeza huku au kule. Mchanga ukiwa wa baridi kiasi, hutoka madume. Ukipata moto, hutoka majike. Kwa Kiingereza jambo hili huitwa temperature-dependent sex determination, kwa kifupi TSD. Kwa Kiswahili napendekeza tuliite uamuzi wa jinsi kwa joto.

Kwa nini jinsi na si jinsia? Katika fomu nyingi za Tanzania mtu huulizwa "Jinsi" akachagua Me au Ke. Jinsia limeshika maana ya kijamii: mafunzo ya jinsia, usawa wa jinsia, dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Kinachoamuliwa ndani ya yai ni u-me na u-ke wa mwili, basi jinsi latosha.

Uamuzi nao una washindani wawili, utambuzi na ubainishaji. Yote mawili humaanisha kujua kitu ambacho tayari kipo. Daktari akitazama mimba kwa mashine, anatambua jinsi. Mchanga wa Msimbati hautambui chochote. Unachangia kuifanya jinsi iwepo. Tena, kutambua jinsi ya mtoto wa kasa kwa macho hakuwezekani: dume hujulikana kwa mkia mrefu, na mkia huo hurefuka anapokaribia kupevuka.

Limebaki kwa. Ingekuwa rahisi kusema "na joto", lakini na humtaja mtenda, na joto si mtenda peke yake. Tezi hujengwa na jeni za kiinitete chenyewe. Joto huongeza au hupunguza utendaji wa baadhi ya jeni hizo, pamoja na kimeng'enya cha aromatasi kinachotengeneza homoni za kike. Joto ni njia, na njia kwa Kiswahili huchukua kwa.

Aliyeiona tabia hii kwanza hakuwa akichunguza kasa. Mwaka 1966, Madeleine Charnier, mtafiti wa Kifaransa aliyefanya kazi Dakar, Senegali, alieleza jinsi joto la kuatamia lilivyobadili uwiano wa madume na majike kwa mijusi. Baadaye tabia hiyo ilionekana kwa kobe wengi, kwa mamba wote waliochunguzwa na kwa kasa wa baharini.

Istilahi hii haikamiliki bila mwenzake: joto mizani, yaani joto ambalo nusu ya watoto hutoka madume na nusu majike. Kwa kasa wengi ni karibu nyuzi 29 za sentigredi. Ukipanda au ukishuka nyuzi moja au mbili kutoka hapo, mizani huelemea upande mmoja. Ukizidi, kiota kizima huwa cha jinsi moja. Joto linalohesabika hasa ni la theluthi ya kati ya siku za kuatamia, ambazo kwa kawaida ni kama 50 hadi 60. Na likikaribia nyuzi 35 kwa muda mrefu, hapana dume wala jike: mayai hufa.

Katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambamo Msimbati imo, iliyoanzishwa mwaka 2000, joto la viota halilingani kila mahali wala kila msimu. Kasa wa kijani hupenda mchanga ulio wazi, akachimba shimo la kina. Ng'amba hutaga kina kifupi zaidi, mara nyingi hujipenyeza chini ya vichaka vya juu ya ufuo, kivulini. Kiota cha kaskazi hupata jua kali. Cha Juni au Julai, kusi ikivuma, hupoa. Kivuli, mvua na misimu ndivyo vilivyowapatia kasa madume na majike wa kutosha miaka yote.

Sasa hewa inazidi kupata joto, na mizani inaelemea upande wa majike. Kaskazini mwa Tumbawe Kuu la Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya 99 kwa kila kasa wadogo 100 ni majike. Hiyo haimaanishi kizazi kitakatika kesho. Dume mmoja hupanda majike kadhaa, na hurudi kujamiiana mapema kuliko jike, ambaye hupumzika miaka miwili au zaidi. Lakini kasa huchukua miongo kupevuka, kwa hiyo upungufu wa madume unaoanza leo wajukuu zetu ndio watakaouona.

Hapa ndipo istilahi inapomfaa mlinzi wa viota. Maji ya bamvua yakitishia mayai, huhamishiwa juu ya ufuo. Shirika la Sea Sense limefanya kazi hiyo na wanavijiji wa pwani ya Tanzania kwa miaka mingi. Anayehamisha mayai kutoka chini ya mvinje kuyapeleka juani ameyaokoa na maji, na huenda pia ameyageuza yote kuwa majike. Aliyechimba shimo fupi kuliko alilochimba kasa mwenyewe amefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kuhesabu watoto waliofika majini hakutoshi. Kipimajoto cha kufukia kiotani kingefaa sana, ila hata pasipo nacho, tarehe mbili daftarini zina habari: ya kutaga na ya kuanguliwa. Mayai yaliyoanguliwa mapema yalipata moto, basi tarajia majike wengi. Yaliyochelewa yalipoa, na madume yamo. Makisio ya namna hiyo hayamwambii mtu jinsi ya mtoto mmoja mmoja, lakini ya misimu kumi yakiwekwa pamoja yataonyesha fukwe zipi bado zinatoa madume. Hizo ndizo za kulindiwa vichaka vyake kwanza.