Moto wa Ngoma na Daraja la Gitaa

Katika nchi ya Wazigua, kuanzia Mazingara na vijiji vingine vya Handeni hadi kufikia Korogwe kwenye reli, ngoma haipigwi kabla ya kuoteshwa moto. Jua likisha kutua huwashwa majani makavu, na wapigaji huzielekeza ngozi kwenye mwali, huku wakizijaribu kwa kiganja mara kwa mara. Umande huilegeza ngozi. Moto huikausha na kuikaza. Asiyeijua kazi hiyo hudhani kuwa watu wanauchelewesha mchezo, kumbe mchezo umekwisha anza, maana yule mzee anayegonga na kutega sikio ndiye anayeiamua sauti ya usiku ule. Tumeanza na moto huu kwa sababu swali tunalotaka kulipima hapa, ingawa linahusu chombo cha kigeni, ni swali la mzee huyo: sauti iwekwe mahali pake na mtu, au na mtambo?

Chombo chenyewe ni gitaa la umeme, na mtambo ni daraja linalozilinganisha nyuzi zake bila ya mpigaji kuzigusa.

Watu wa mkoa wa Tanga wana haki ya kulijadili jambo hili. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakakusanya vibarua wa makabila mengi, watu waliotaka burudani isiyokuwa ya kabila moja. Baadaye santuri zikaleta gitaa la Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, na vidole vya kijana yule vikasikilizwa Afrika Mashariki yote. Katika miaka ya 1960 mji wa Tanga ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Black Star Musical Club ikaliingiza gitaa la umeme katika taarabu.

Lakini gitaa lile halikuwa mali ya aliyelipiga. Desturi ya bendi zetu za dansi ilikuwa kwamba vyombo ni vya tajiri, au vya chama, au vya idara. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Gitaa moja lilipita mikononi mwa watu wengi. Fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970, uzi ukikatika ilikuwa msiba. Tumewahi kuona uzi uliokatika karibu na kigingi ukaungwa kwa fundo, ukakazwa tena, ukapigiwa dansi hadi alfajiri. Nani angethubutu kuukaza uzi kama huo katikati ya wimbo?

Yafaa tueleze kwa nini nyuzi hulegea. Mfaransa Marin Mersenne alikwisha kuonyesha mwaka 1636 kwamba sauti ya uzi hutegemea urefu wake, uzito wake na nguvu inayouvuta. Ukitaka mitetemo iongezeke mara mbili, yakupasa uuvute uzi kwa nguvu mara nne. Kwa hiyo mvuto ukipungua kwa asilimia mbili tu, mitetemo hupungua kwa asilimia moja hivi, na sikio zuri hulalamika papo hapo. Uzi wa chuma ukipata joto hurefuka na kulegea. Shingo ya mti nayo hucheza kwa unyevu. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: joto linaloikaza ngoma ya Mazingara ndilo linalolegeza uzi wa gitaa. Mpiga ngoma hukimbilia moto, na mpiga gitaa huukimbia.

Wazungu wamelihangaikia tatizo hili kwa njia mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya mota ndogo. Mwaka 2007 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa lililosikiliza nyuzi zake lenyewe na kuvizungusha vigingi kwa nguvu ya betri. Mwaka 2015 ikaweka vigingi vya aina hiyo katika magitaa yake mengi, na wanunuzi wengi wakanung'unika, kampuni ikalegeza msimamo. Njia ya pili ni ya springi na wenzo, kama daraja liitwalo EverTune. Kila uzi umefungwa kwenye wenzo wake unaovutwa na springi. Uzi ukirefuka, springi huuvuta. Ukifupika, springi hulegeza. Mvuto ukabaki ule ule. Hakuna betri wala waya.

Tofauti ya njia hizi ni kubwa. Mota huchagua sauti kwa niaba ya mtu. Springi haichagui kitu; hushikilia tu sauti iliyowekwa na mtu kwa sikio lake. Twakiri kwamba tulipolisikia jambo hili mara ya kwanza tulilipinga lote kwa pamoja, tukidhani ni uvivu uliovikwa chuma. Haikuwa haki. Yule mzee wa Mazingara hurudisha ngoma motoni usiku wa manane, si kwa kupenda, bali kwa sababu ngozi haikushika alichoiagiza. Lau angepewa ngozi isiyojua umande, asingeikataa.

Hata hivyo daraja la springi lina gharama zake. Mti wa gitaa hauna budi kuchongwa ili lipate nafasi, na uliokwisha chongwa haurudi. Kila wenzo hupangwa kwa uzi wa unene fulani. Mafundi wa Kongo walikuwa na werevu wa kuutoa uzi wa nne na kuweka mwembamba unaolia oktava moja juu, na gitaa la tatu likapata sauti yake. Kwenye daraja hili badiliko hilo si la dakika mbili. Tena mpigaji anayependa kuuvuta uzi kwa kidole ili sauti ipande kama kilio, kama wafanyavyo wapigaji wa solo, hana budi kulipanga daraja vizuri, la sivyo springi itakimeza kilio chake.

Basi kwa studio inayorekodi siku nzima, au bendi yenye fundi wake na safari nyingi za jukwaani, twaona kwamba daraja la springi lina faida ya kweli. Kwa shule ya sekondari ya Handeni au Korogwe yenye gitaa moja, fedha hiyo inunue seti kadhaa za nyuzi na uma wa chuma unaolia mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa London mwaka 1939. Uzi wa tano hutetema mara 110, yaani oktava mbili chini ya uma huo. Mwanafunzi auweke huo kwanza kwa sikio, kisha mitano iliyobaki aitafute kutoka hapo, na mwalimu asimsaidie mapema.